Zidaka za Lamu: Safari za baharini zilizojengewa ukutani

Kwa karne nyingi, mabaharia na wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki walirejea nyumbani wakiwa na bakuli za China, nguo za India na manukato ya Uarabuni. Vitu vya thamani zaidi havikuwekwa barazani vionwe na kila mpita njia. Vilipewa mahali pake katika chumba cha ndani kabisa, kwenye safu za vidaka vilivyojengwa pamoja na ukuta. Makala hii inaeleza jinsi ubunifu huo ulivyofanya kazi, nani aliyeutunza, na kwa nini sehemu kubwa yake imo hatarini kutoweka.

Ukuta mtupu kwa nje

Mtu anayepita kwa mara ya kwanza katika vichochoro vya mji wa Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, huona kuta ndefu za mawe zisizo na madirisha mengi, zilizochujuka kwa jua na chumvi ya bahari. Ukiacha nakshi za milango, ni vigumu kutambua ipi ni nyumba ya tajiri na ipi ni ya mtu wa kawaida. Mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukitajwa kuwa ndio mji wa Waswahili wa kale zaidi na uliohifadhiwa vizuri zaidi katika Afrika Mashariki.

Ukimya huo wa nje ulikusudiwa. Nyumba ya mawe ya Lamu imepangwa kwa daraja za faragha. Kwanza kuna daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili, ambako mwenye nyumba huzungumza na majirani na watu wa biashara. Baada ya mlango kuna tekani, njia inayopinda ili jicho la mtu aliye nje lisifike uani. Kisha huja kiwanda, yaani uwanja wa wazi unaoleta mwanga na hewa, na kando yake sabule, chumba cha mgeni wa kiume. Ng'ambo ya kiwanda hufuatana vyumba virefu vyembamba, ambavyo kwa lahaja ya huko huitwa msana wa tini, msana wa yuu na hatimaye ndani. Sakafu huinuka kidogo kila mtu anapoingia chumba kinachofuata, kana kwamba nyumba inamkumbusha kuwa anazidi kukaribishwa.

Wembamba wa vyumba hivyo una sababu ya kiufundi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuhimili uzito wa mawe na chokaa kwa upana unaozidi takriban mita 3. Chumba kiliweza kurefushwa kadiri mwenye nyumba alivyojaliwa, lakini hakikuweza kupanuliwa. Macho ya anayeingia huishia kwenye ukuta wa mwisho, na hapo ndipo mafundi walipoweka ustadi wao wote.

Boriti hizo nazo zilikuwa na safari yake. Majahazi yaliyoleta tende, chumvi na vyombo kutoka Ghuba yalirudi yakiwa yamesheheni mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji, kwa sababu nchi za Ghuba hazina miti ya kutosha ya kuezekea. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Kuwait na Bahrain vina upana unaokaribiana na ule wa vyumba vya Lamu. Mkoko uliokatwa katika maji ya Afrika Mashariki uliamua vipimo vya sebule ya Mwarabu wa Ghuba, kama vile bakuli la China lilivyoamua vipimo vya kidaka cha Mswahili.

Safari zilizopimwa kwa pepo

Biashara hiyo iliongozwa na pepo mbili. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na magharibi mwa India. Kusi, inayovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, iliyarudisha. Nahodha aliyekosa pepo alilazimika kusubiri miezi kadhaa bandarini. Wengi walikaa ugenini muda wa kutosha kujifunza lugha, kuoa na kuzoea vyakula vya wenyeji wao.

Mara nyingi bakuli la China halikuletwa moja kwa moja na Mchina. Lilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa India na wa Ghuba kabla ya kushushwa Pate, Lamu, Mombasa au Kilwa. Mahusiano ya moja kwa moja yalikuwapo pia, ingawa kwa nadra: mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimfikisha twiga katika kasri la mfalme wa China. Karne nne baadaye, vyombo kutoka viwanda vya Ulaya, vikiwamo vya mji wa Maastricht nchini Uholanzi, vilikuwa vimeingia katika nyumba zilezile na kuwekwa karibu na vya Asia.

Ushahidi wa biashara hiyo umefukuliwa katika magofu mengi. Katika mji wa Gedi, karibu na Malindi, uliohamwa mapema katika karne ya 17, uchimbuaji ulioanza mwaka 1948 chini ya James Kirkman ulifichua wingi wa vipande vya kauri za China na vyombo vya nchi za Kiislamu. Huko Mambrui nchini Kenya na Kunduchi karibu na Dar es Salaam, bakuli na sahani zilipachikwa hata kwenye nguzo za makaburi. Mtu aliyezungukwa na vyombo vya ng'ambo akiwa hai aliendelea kupambwa navyo baada ya kufa.

Nafasi kabla ya kitu

Kidaka ni shimo la mraba au lenye tao linaloachwa ndani ya ukuta. Katika nyumba za kawaida hutumika kuwekea taa, msahafu au kikombe. Katika nyumba za waungwana wa Lamu na Pate, hasa zile za karne ya 18, vidaka viliongezwa idadi hadi vikaujaza ukuta mzima wa chumba cha ndani, safu juu ya safu. Ukuta wa namna hiyo huitwa kwa lahaja ya huko zidaka.

Kazi ilianza na matumbawe. Mawe yaliyochimbwa nchi kavu yalitumika kwa kuta, na matumbawe laini ya baharini, ambayo ni mepesi kuchongwa yakiwa bado mabichi, yalitumika kwa mapambo. Mengine yalichomwa juu ya tanuri la magogo hadi yakawa chokaa. Chokaa hiyo ilizimwa kwa maji na kuachwa ikae kabla ya kutumiwa kwa lipu laini nyeupe. Fundi alichonga nakshi za maua na maumbo ya kijiometri kuzunguka kila kidaka, akiepuka sura za watu na wanyama. Weupe wa lipu na vivuli vya mashimo hayo huufanya ukuta uonekane una kina kirefu kuliko ulionao, na chumba chembamba huonekana kirefu zaidi.

Jambo la msingi katika ubunifu huu ni mpangilio wa kazi: nafasi ilitengenezwa kwanza, kitu kikafuata. Nyumba haikungoja vyombo vije ndipo vitafutiwe rafu. Idadi ya vidaka iliwekwa na mwashi, na kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kuingiza chombo kimoja au viwili. Kwa hiyo hata familia iliyokuwa na mali nyingi haikuweza kurundika. Ililazimika kuchagua kipi kinastahili kuonekana na kipi kibaki kabatini au kasha likifungwa.

Mwanga nao ulidhibitiwa. Unatoka kiwandani, unapita kwenye milango ya misana, na unapofika ndani umekwisha punguzwa ukali. Bakuli la buluu na nyeupe halimeremeti kama kioo cha dukani. Huonekana taratibu, kadiri macho yanavyozoea kiza.

Vyombo hivyo havikuwa pambo pekee. Watafiti walioishi Lamu wamerekodi imani kwamba sahani ya ukutani hukinga nyumba dhidi ya kijicho. Jicho baya likipenya humwangukia sahani badala ya mama mzazi au mtoto mchanga, na kupasuka kwake huchukuliwa kuwa ishara kwamba imetimiza kazi yake. Bakuli nyingine iliwekwa chini kabisa ndani ya birika la maji ya kuogea, ili samaki wadogo wanaofugwa humo kula viluwiluwi vya mbu wapate mahali penye maji hata birika likipungua. Chombo kilichovuka bahari kilipewa kazi ya nyumbani, na kwa njia hiyo kikaacha kuwa kigeni.

Walioleta na waliotunza

Waliosafiri kwa jahazi walikuwa kwa kiasi kikubwa wanaume. Lakini chumba cha ndani kilikuwa milki ya wanawake. Humo bibi harusi alikaa siku saba za fungate, watoto walizaliwa, na katika chumba cha pembeni kiitwacho nyumba ya kati maiti ziliandaliwa kwa mazishi. Kila tukio kubwa la ukoo lilipita mbele ya zidaka.

Nyumba yenyewe pia mara nyingi ilikuwa ya mwanamke. Kwa desturi ya waungwana wa Lamu, baba mwenye uwezo alimwandalia binti yake nyumba anapoolewa, ama kwa kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, ama kwa kujenga jirani na kuunganisha nyumba hizo kwa wikio, daraja linalopita juu ya kichochoro. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Kwa sababu hiyo vyombo vya zidaka vilirithiwa pamoja na nyumba, kutoka mama hadi binti, na pamoja navyo yalirithiwa maelezo ya kipi kililetwa na nani, mwaka gani na kutoka bandari ipi.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa urithi huu. Maelezo hayo hayakuandikwa nyuma ya sahani. Yalikaa vichwani mwa wanawake waliokuwa wakizifuta vumbi, na yanapotea pale mnyororo wa usimulizi unapokatika.

Gharama isiyoonekana kwenye sahani

Itakuwa makosa kuzitazama zidaka kama kumbukumbu za safari za furaha tu. Mali iliyonunua vyombo hivyo ilitokana na pembe za ndovu, mazao ya mashamba na, kwa sehemu kubwa katika karne za 18 na 19, kazi na biashara ya watumwa. Watumwa walibeba mawe, walichoma chokaa, walilima mashamba ya bara mkabala wa visiwa na walihudumu katika nyumba zilezile ambazo kuta zake husifiwa leo.

Nao walikuwa wasafiri, ila safari yao haikuwa ya hiari na haikutengewa kidaka. Anayeusoma ukuta wa zidaka kwa uaminifu hana budi kukumbuka kwamba unasimulia upande mmoja wa misafara. Upande wa pili umehifadhiwa katika majina ya mitaa, nyimbo, ngoma na koo za watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka maeneo ya maziwa makuu na kupelekwa pwani.

Zanzibar: safari ilipotoka barazani

Mjini Zanzibar, ambako Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, karne ya 19 ilileta mtindo tofauti. Safari ilianza kuonyeshwa nje, hasa mlangoni. Milango yenye kichwa cha mstatili hunasibishwa na mtindo wa Kiarabu, ile yenye tao na nakshi nzito za maua hunasibishwa na India, na mingine yenye vipande vidogo vya mraba hunasibishwa na Gujarat. Njumu za shaba zilizochongoka hurejesha kumbukumbu ya India, ambako inasimuliwa kwamba zilizuia ndovu wasivunje malango. Kisiwani Unguja hakuna ndovu wa kuvunja mlango. Kilichosafiri ni umbo, na maana yake ikabaki bandarini.

Mfano mkubwa zaidi ni Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said. Barghash aliwahi kuishi uhamishoni Bombay na aliitembelea Uingereza mwaka 1875. Aliyoyaona huko aliyaweka mbele ya bandari: nguzo za chuma, veranda pana na, baadaye, taa za umeme. Lilikuwa jumba la kuonwa na kila meli inayotia nanga.

Jumba hilo liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu 2 walipoteza maisha. Tukio hilo lilikumbusha kuwa majengo ya matumbawe na chokaa hayadumu kwa sifa pekee. Yanahitaji kupakwa chokaa kila mara, paa lisilovuja na fundi anayejua kwamba saruji ngumu huzuia ukuta wa zamani usipumue.

Vyombo vinavyosafiri mara ya pili

Hatari ya kutoweka si ngeni. Utenzi wa al-Inkishafi, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaitumia hali ya Pate iliyoanguka kama funzo la kutodumu kwa dunia, na miongoni mwa taswira zake ni vidaka vilivyokuwa vya vyombo kugeuka malazi ya ndege. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, mtunzi alikwisha ona kwamba kidaka kitupu ni alama ya nyumba iliyokufa.

Leo vidaka vinaachwa vitupu kwa njia nyingine. Nyumba nyingi za kale za Lamu zimeuzwa kwa wageni au kugeuzwa nyumba za kulala wageni. Nyingine zimegawanywa kati ya warithi wengi wasio na uwezo wa kuzikarabati. Sahani, viti vya enzi, masanduku ya njumu za shaba na milango vimekuwa vikinunuliwa na wafanyabiashara wa vitu vya kale na kusafirishwa ng'ambo. Chombo kilichotoka Asia kuja kukaa ukutani sasa kinaondoka tena, mara hii bila msimulizi.

Sheria zipo. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda, pamoja na mengine, milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Lakini sheria huzuia chombo kwenye mpaka. Haiwezi kumlazimisha mjukuu kujua bakuli hilo lilikuwa la nani.

Ipo pia habari ya matumaini. Mahitaji ya hoteli na ya wamiliki wapya yamewapa kazi mafundi wa kuchonga lipu na mbao, na ujuzi huo haujakatika. Nyumba ya Makumbusho ya Waswahili mjini Lamu inamwezesha mgeni kuona vyumba vya kale vikiwa na samani zake.

Funzo kwa nyumba za bara

Kwa wasemaji wa Kiswahili waishio mbali na bahari, kama katika mitaa ya Buyenzi mjini Bujumbura au Biryogo mjini Kigali, habari hii haiko mbali kama inavyoonekana. Njia za misafara zilizoanzia Bagamoyo na kufika Ujiji zilisambaza lugha, mavazi na mapishi hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Matumbawe hayapo huku, wala mikoko, lakini kanuni za zidaka hazihitaji bahari.

Kanuni ya kwanza ni kutenga nafasi kabla ya kukusanya. Anayejenga kwa matofali ya kuchoma anaweza kumwomba fundi aache kidaka katika ukuta wenye unene wa tofali zima, kina chake kikiwa nusu ya unene huo, mbali na kona na mbali na sehemu inayobeba boriti, huku juu yake pakiwekwa kizingiti. Ukuta mwembamba wa tofali la saruji haufai kutobolewa. Hapo, na katika nyumba ya kupanga, rafu fupi ya mbao iliyopakwa rangi ileile ya ukuta hutosha.

Ya pili ni uchache. Kidaka kimoja, kitu kimoja. Kikombe cha kahawa kutoka Mombasa kikisimama peke yake huulizwa habari zake. Kikiwa katikati ya vitu 20 hupita bila kuonwa.

Ya tatu ni matumizi. Chetezo kilicholetwa kutoka Muscat kikifukizwa ubani jioni ya Alhamisi huifikisha safari puani mwa watoto kabla hawajaweza kuisoma ramani. Mkeka wa Pemba hutandikwa ili ukaliwe. Bakuli la urithi linaweza kutolewa siku ya harusi tu, lakini litolewe.

Ya nne ni kutobomoa nyumba ya mwingine ili kupamba yako. Sahani mpya iliyonunuliwa kwa mfinyanzi aliye hai, au kisanduku kilichotengenezwa mwaka huu na fundi wa Zanzibar, hubeba safari ya kweli ya mnunuzi. Mlango uliong'olewa katika nyumba ya watu hubeba hasara yao.

Ya mwisho ndiyo iliyokosekana Lamu: kuandika. Karatasi ndogo yenye jina la aliyekileta kitu, mahali kilikotoka na mwaka, ikibandikwa chini ya chombo mahali pasipoonekana, haiharibu pambo. Kizazi cha tatu kikikigeuza chombo hicho, kitakuta msimulizi bado yupo.